Katuni za Denmark: miezi minne kati ya wino na moto

Swali: Assalaam aleykum. Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Tanga. Wanafunzi wangu wakubwa, ambao wengi wao walikuwa hawajazaliwa wakati huo, wamesikia habari za katuni juu ya Mtume (S.A.W.) zilizochapishwa Denmark mwaka 2005 na wananibana kwa maswali. Ikiwa sheria ya nchi ile ilikataza kukashifu dini, kwa nini mhariri hakufikishwa mahakamani? Na kama vyombo vya sheria viliwafungia mlango, Waislamu walibakiwa na njia gani isipokuwa ile ya hasira iliyochoma balozi? Tena, sheria yao leo ikoje?

Jibu: Wa aleykum salaam, Maalim. Swali lako lina vipande vitatu, na cha katikati ndicho kizito, kwa sababu kimebeba dhana ambayo nimeisikia kwa wanasheria wenzangu na kwenye vijiwe vya kahawa vilevile: kwamba katuni zilichapishwa, Waislamu wakakasirika, balozi zikaungua, kana kwamba jambo moja lilizaa jingine papo hapo. Kalenda inakataa. Gazeti lilitoka tarehe 30 Septemba 2005, na ubalozi wa Denmark mjini Damascus uliungua tarehe 4 Februari 2006. Hizo ni siku 127, na karibu yote ninayotaka kukueleza yamo ndani ya siku hizo.

Tuanze na gazeti lenyewe. Mwandishi wa vitabu vya watoto, Kåre Bluitgen, alikuwa amelalamika kwamba hapati mchoraji wa kumchorea kitabu juu ya maisha ya Mtume Muhammad (S.A.W.), kwa kuwa wachoraji wanaogopa. Flemming Rose, mhariri wa utamaduni wa gazeti la Jyllands-Posten, akawaandikia wanachama wa chama cha wachoraji wa magazeti akiwataka wamchore Mtume kadiri kila mmoja anavyomwona. Walioitikia ni 12, na kazi zao zikachapishwa pamoja na maandishi ya Rose mwenyewe, ambamo alisema kwamba katika nchi yenye uhuru wa maoni mtu hawezi kudai heshima ya pekee kwa hisia zake za dini, bali sharti awe tayari kudharauliwa, kudhihakiwa na kuchekwa. Maneno hayo uyaweke akilini, kwa maana yatarudi kutoka mahali ambapo Rose hakupategemea.

Watu wengi waliozizungumzia katuni hizo hawajaziona, na wanadhani zote 12 zilikuwa za namna moja. Hazikuwa hivyo. Iliyochoma mioyo zaidi ilikuwa ya Kurt Westergaard: uso wenye ndevu, kilemba ambacho ni bomu lenye utambi unaowaka, na juu ya bomu hilo ameandika kalima ya shahada. Lakini mwenzake Lars Refn hakumchora Mtume kabisa. Alimchora mvulana wa shule mwenye nywele nyeusi, amesimama ubaoni na kijiti cha kuelekezea, na maelezo yanasema huyu ni Mohammed wa darasa la 7A katika shule ya Valby, mtaa mmoja wa Copenhagen. Ubaoni pameandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa lugha ya Kiajemi, kwamba waandishi wa Jyllands-Posten ni genge la wachokozi wasiopenda maendeleo. Yaani gazeti lilimwagiza mchoraji achokoze, naye akalichokoza gazeti, tena kwa lugha ambayo wengi wa wasomaji wake hawakuweza kuisoma. Mwingine alimchora Bluitgen mwenyewe kama mtu anayejitafutia umaarufu. Nalieleza hili kwa urefu kwa sababu hata miongoni mwa wale 12 palikuwa na ubishi kama kazi ile ilistahili kufanywa.

Je, lilikuwepo kusudi la kuudhi? Kwa maoni yangu lilikuwepo, ingawa Rose daima ameeleza kwamba alikuwa akipinga woga uliowafanya wasanii wajifunge midomo wenyewe. Mambo yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja. Ikafichuka baadaye kwamba mwaka 2003 gazeti hilohilo lilipelekewa michoro ya mzaha juu ya ufufuko wa Yesu, na mhariri mmoja akaikataa akisema ingeleta makelele na wasomaji wasingeipenda. Gazeti lina haki ya kuchagua linachochapisha katika kurasa zake, hilo sibishani nalo. Ila aliyechagua hivyo mwaka 2003 alijipunguzia uzito wa hoja yake mwaka 2005.

Sasa sheria. Uko sahihi kwamba Kanuni ya Adhabu ya Denmark wakati huo ilikuwa na kifungu cha 140, kilichomtia hatiani mtu anayedhihaki au kutukana hadharani mafundisho au ibada ya jumuiya ya dini iliyopo kihalali nchini, kwa faini au kifungo kisichozidi miezi minne. Kilikuwepo pia kifungu cha 266b, kinachokataza kauli za hadharani za kuwatisha, kuwadhalilisha au kuwashushia hadhi watu kwa sababu ya rangi, asili au imani yao. Lakini kifungu cha 140 kilikuwa kimelala usingizi mzito. Mara ya mwisho mtu kutiwa hatiani kwacho ilikuwa mwaka 1946, watu wawili walipotozwa faini kwa kuigiza ubatizo katika dansi ya waliovaa vinyago. Basi jumuiya za Waislamu wa Denmark zilipopeleka malalamiko polisi mwishoni mwa Oktoba 2005, zilikuwa zinajaribu kukiamsha kifungu ambacho hakikuwa kimemfunga wala kumtoza mtu kwa karibu miaka 60.

Mwendesha mashtaka wa mkoa, mjini Viborg, alilifunga jalada tarehe 6 Januari 2006. Walalamikaji wakakata rufaa kwa Mkurugenzi wa Mashtaka wa taifa, naye tarehe 15 Machi 2006 akakubaliana na uamuzi wa kutofungua kesi. Hoja zake hazikuwa za kejeli kama wanafunzi wako wanavyoweza kudhani. Kuhusu kilemba chenye bomu alisema kinaweza kusomwa kuwa kinawasema wanaofanya ugaidi kwa jina la dini. Na hata kikisomwa kuwa kinamwonyesha Mtume kama mtu wa vurugu, picha hiyo ya bomu si picha sahihi, lakini haifikii dhihaka au tusi kwa maana finyu ambayo kifungu cha jinai lazima kipewe. Kuhusu 266b alisema mchoro unaomlenga Mtume hauwezi kuchukuliwa moja kwa moja kuwa unawalenga Waislamu wote kama kundi. Hoja hii ya pili mimi naiona dhaifu, kwa kuwa mtoto yeyote wa Kiislamu wa Copenhagen aliyekutana na picha ile sokoni angejua inamsema nani.

Hapo ndipo yaliporudi yale maneno ya Rose. Mkurugenzi hakuishia kufunga jalada. Aliongeza kwamba si maelezo sahihi ya sheria ya Denmark kusema kuwa mtu hawezi kudai hisia zake za dini zizingatiwe, wala kwamba lazima awe tayari kudharauliwa, kudhihakiwa na kuchekwa, kwa kuwa vifungu vya 140 na 266b vimeweka mipaka. Kwa lugha nyepesi, gazeti halikushtakiwa kwa michoro yake, lakini nadharia yake ya sheria ilikataliwa na mwendesha mashtaka mkuu wa nchi. Bahati mbaya uamuzi huo ulitoka balozi zikiwa zimekwisha kuungua, na ni wachache waliousoma mpaka mwisho.

Wanafunzi wako wasidhani jambo hili ni la Ulaya tu. Sisi Tanzania tuna kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu, kinachomwadhibu anayetamka maneno kwa kusudi la kuumiza hisia za dini za mtu mwingine. Mhubiri mmoja wa Kiislamu alitiwa hatiani Morogoro kwa kifungu hicho baada ya kusema katika mhadhara wa hadhara kwamba Yesu si mwana wa Mungu. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani ilimfutia hatia. Ukisoma kesi hiyo kando ya ile ya Denmark utaona jambo linalowatatiza watu wengi: ukali wa kifungu cha kukashifu dini hauchagui upande, na siku kikinyooshwa kisawasawa kinaweza kumshika anayehubiri itikadi yake mwenyewe kama kinavyomshika mchora katuni. Ndiyo maana majaji na waendesha mashtaka wa nchi zilizo mbalimbali sana hukitafsiri kwa ufinyu.

Turudi kwenye zile siku 127. Tarehe 12 Oktoba 2005 mabalozi 11 wa nchi zenye Waislamu wengi walimwandikia Waziri Mkuu Anders Fogh Rasmussen, wakimwomba wakutane naye na wakitaka waliohusika wachukuliwe hatua kwa mujibu wa sheria za nchi. Siku mbili baadaye maelfu ya Waislamu waliandamana Copenhagen kwa amani. Waziri Mkuu alijibu tarehe 21 Oktoba kwamba uhuru wa maoni ni msingi wa demokrasia ya Denmark, kwamba serikali haina namna ya kuliingilia gazeti, na kwamba anayeona amekosewa anaweza kwenda mahakamani. Kisheria jibu hilo halina kasoro. Ila mabalozi waliomba mambo mawili, na moja kati yake, yaani kukaa kitako na kuzungumza, lilikuwa ndani ya uwezo wake kabisa. Kumpokea balozi na kumweleza kwa adabu kwamba ombi lake la pili haliwezekani hakupunguzi uhuru wa gazeti hata chembe. Alikataa, na nahesabu kwamba hapo mlango mmoja ulifungwa bila sababu.

Mlango huo ulipofungwa, kikundi cha maimamu na wanaharakati wa Denmark kilifunga safari mwezi Desemba kwenda Misri, kisha Lebanon na Syria, kikiwa na jalada la kurasa 43. Ndani yake zilikuwemo zile katuni 12, na zikaongezwa picha nyingine tatu ambazo Jyllands-Posten halikuwahi kuzichapisha, mbaya kuliko zote 12. Mojawapo ni picha ya mwanamume mwenye ndevu aliyevaa pua na masikio ya nguruwe ya plastiki. Picha hiyo haikuwa na uhusiano wowote na Uislamu, kwani ilipigwa kijijini Ufaransa kwenye mashindano ya kuiga mlio wa nguruwe. Waliolibeba jalada walieleza kwamba picha hizo zilikuwa zimetumwa kwa Waislamu wa Denmark kama vitisho, lakini habari ilipofika mtaani Cairo na Beirut tofauti hiyo ilikuwa imekwisha kuyeyuka. Ahmed Akkari, mmoja wa wasemaji wa safari ile, alitamka hadharani mwaka 2013 kwamba anajutia sehemu yake.

Hapa pana jambo dogo ambalo kwangu linasema mengi. Tarehe 17 Oktoba 2005, katikati ya mwezi wa Ramadhani, gazeti la Misri la Al Fagr lilichapisha baadhi ya katuni hizo kwa lengo la kuzilaani. Hapakuwa na ghasia Cairo. Hapana ubalozi uliopigwa mawe. Michoro ileile, katika nchi ya Waislamu wengi, katika mwezi mtukufu, na watu wakafuturu wakalala. Kwa hiyo anayesema kwamba kuiona picha tu kunamfanya Mwislamu ashike kiberiti anawatukana Waislamu zaidi ya Westergaard.

Kilichobadilika ni mikono iliyolishika jambo hili. Misri ilikuwa katika uchaguzi wa wabunge mwezi Novemba na Desemba, na chama cha Udugu wa Kiislamu kilizoa viti 88 kupitia wagombea wake wa kujitegemea. Serikali iliyokuwa ikibanwa hivyo haikuona hasara kujionyesha kuwa ndiyo mtetezi wa Mtume. Wakuu wa nchi za Kiislamu walipokutana Makka mwezi Desemba, suala hilo likaingia katika tamko lao. Na Syria, ambako hali ya hatari ilikuwa imetangazwa tangu mwaka 1963 na watu hawakusanyiki barabarani bila idhini, umati ulifika kwenye jengo la ubalozi wa Denmark, ukalichoma, ukaendelea mpaka ubalozi wa Norway nao ukauchoma. Katika dola ya polisi, moto wa namna hiyo hauwaki bila wakubwa kuuachia.

Kipande cha katikati cha swali lako, yaani njia iliyobaki, kilijibiwa na Waislamu wenyewe kabla ya moto. Mwishoni mwa Januari 2006 Saudi Arabia ilimwita nyumbani balozi wake, na wanunuzi wa Ghuba wakasusia bidhaa za Denmark. Siagi ya Lurpak, ambayo Mswahili yeyote aliyeishi Muscat au Dubai anaijua, ni mali ya kampuni ya maziwa ya Arla, na katika siku chache tu mauzo ya kampuni hiyo katika eneo lile yakawa karibu na sifuri. Tarehe 30 Januari mhariri mkuu, Carsten Juste, alitoa taarifa kwamba michoro haikuvunja sheria ya Denmark lakini bila shaka iliwaudhi Waislamu wengi, na kwa hilo gazeti linaomba radhi. Sisemi mgomo ule ulikuwa wa haki tupu, maana Arla inamilikiwa na wafugaji ambao hawakushika kalamu ya mchoraji. Lakini haukumwaga damu, haukuvunja sheria ya nchi yoyote, na ulipata katika siku chache kile ambacho barua ya mabalozi haikupata kwa miezi mitatu. Siku mbili baadaye magazeti kadhaa ya Ulaya, likiwemo France Soir la Paris, yalizichapisha upya katuni hizo, na watu wengi hapo wakaona radhi ya jana imetemewa mate. Na siku tatu baada ya hapo Damascus ikawaka.

Siku iliyofuata, tarehe 5 Februari, ikawa zamu ya Beirut. Baadhi ya masheikh wenye vilemba walisimama mbele ya umati wakijaribu kuuzuia, na umati ukawapita. Ubalozi mdogo wa Denmark ukachomwa, na kanisa la jirani, ambalo waumini wake ni Waarabu wa Lebanon, likapigwa mawe. Kuanzia hapo hesabu ya maiti ikawa mbali kabisa na Denmark. Afghanistan watu walipigwa risasi katika maandamano. Benghazi, Libya, tarehe 17 Februari, waliuawa watu wasiopungua 10 mbele ya ubalozi mdogo wa Italia, baada ya waziri mmoja wa Italia kujitapa na fulana yenye katuni hizo. Maiduguri, Nigeria, siku iliyofuata, makanisa yalichomwa na watu zaidi ya 10 wakafa, wengi wao Wakristo. Habari zilipofika kusini, mji wa Onitsha ukalipiza kwa kuwaua Waislamu wa kaskazini kwa makumi na kuchoma misikiti. Kwa jumla walikufa zaidi ya watu 100 duniani. Miezi ile, ndani ya Denmark, hakufa hata mmoja. Mfanyabiashara wa Kihausa aliyeuawa Onitsha aliuawa kwa kisasi cha kisasi cha mchoro uliotoka katika gazeti ambalo wala yeye wala muuaji wake hakuwahi kulishika mkononi.

Ndiyo sababu siwezi kukubaliana na neno "walibakiwa". Aliyeudhiwa na aliyechoma hawakuwa mtu mmoja, na mara nyingi hata nchi zao hazikuwa moja. Waliokuwa wameudhiwa hasa, yaani Waislamu wa Denmark, waliandamana kwa amani, walipeleka malalamiko polisi, walikata rufaa, na mlango wa jinai ulipofungwa walifungua kesi ya madai dhidi ya wahariri huko Aarhus. Walishindwa mwezi Oktoba 2006, na wakashindwa tena katika rufaa mwaka 2008. Kushindwa kesi kunauma, nami nimeketi na wateja walioshindwa, lakini si sawa na kunyimwa mahakama. Na wale waliotaka kuwasemea kwa moto waliwaachia mzigo: tarehe 1 Januari 2010 mtu mwenye shoka alivunja mlango wa nyumba ya Westergaard, mzee wa miaka 74 aliyekuwa na mjukuu wake mdogo, naye akajifungia kwenye chumba cha usalama mpaka polisi wakafika. Tangu siku ile ilikuwa vigumu sana kwa Mwislamu wa Aarhus kusema kwamba mchoro ule ni mbaya bila kuulizwa kwanza kuhusu shoka.

Imebaki sheria ya leo. Kifungu cha 140 kilifutwa na Bunge la Denmark mwezi Juni 2017, hivyo kukashifu dini kwa maneno au michoro si kosa tena nchini humo. 266b bado ipo, kwa kuwa yenyewe inalinda watu. Halafu, baada ya mfululizo wa matukio ya kuchoma Qur'ani mbele ya balozi mwaka 2023, Bunge hilohilo lilipitisha tarehe 7 Desemba 2023, kwa kura 94 dhidi ya 77, sheria inayokataza kuyatendea hadharani isivyostahili maandiko matakatifu ya jumuiya za dini zinazotambuliwa. Sheria hiyo inahusu kitabu chenyewe na namna kinavyotendewa. Mtu akichora leo kilemba kilekile cha Westergaard, haimgusi. Akiuchoma Msahafu mbele ya ubalozi, anakabiliwa na faini au kifungo kisichozidi miaka miwili.